Bahari ya Mambrui imekimbilia wapi, na je, itarudi?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mambrui, kaskazini ya Malindi. Marehemu baba alikuwa akitusimulia kwamba utotoni mwake maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku zote, yalikuwa yakigonga minazi ya shamba letu. Leo kutoka minazi ile hadi majini ni mwendo wa kutoa jasho, mchanga mtupu na vilima vya mchanga katikati. Dada yangu aliyeolewa Kunduchi, Dar es Salaam, analia kilio cha kinyume: kwao bahari imekula mivinje, imekula ukuta, sasa inanyemelea nyumba. Bahari ni moja, mbona kwetu yakimbia na kwao yafukuza watu? La pili: dalali amenionyesha kiwanja mbele kabisa, juu ya mchanga huo mpya. Nina kiinua mgongo changu. Ninunue?"

Shikamoo Mwalimu. Nianze na la pili, maana ndilo lenye pesa ndani: usinunue. Dalali huenda ni mtu mwema na bei yake huenda ni nzuri, lakini anakuuzia kitu ambacho mto umekiweka pale kwa muda, na mto huo haujatia sahihi karatasi yoyote. La kwanza ndilo refu, na ukilielewa utaona mwenyewe kwa nini la pili nimelijibu kwa neno moja.

Tuiondolee bahari lawama kwanza. Bahari haijakimbia Mambrui. Maji ya bahari duniani yanapanda, kwa miongo ya karibuni kiasi cha milimita tatu hadi nne kwa mwaka, na pwani yetu haina msamaha. Kilichotembea kwenu ni nchi kavu. Imetembea kuelekea majini, punje kwa punje, na punje zenyewe hazikuzaliwa baharini. Nyingi zilianza safari Ukambani, nyingine karibu na Nairobi, nyingine kwenye nyika ya Tsavo. Shamba la mtu wa Machakos limekuja kuwa ufuo wa mtu wa Mambrui.

Unaujua mto wenu wa Sabaki, unaoingia baharini kati ya Malindi na Mambrui, vizuri kuliko mimi, lakini nivumilie niupande kinyumenyume. Hapo darajani kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen tunauita Sabaki. Ukipanda juu, nyikani, unaitwa Galana. Ukipita mahali ambapo mto Tsavo unaingia, jina ni Athi, na Athi unafika hadi vilima vya Ngong na miteremko ya pembeni mwa Nairobi, ukikusanya na mto Nairobi wenyewe na kila kinachotupwa ndani yake. Mto mmoja, majina matatu, bonde la takriban kilomita za mraba 70,000. Na sehemu kubwa ya bonde hilo ni nchi kame: mvua chache, nyasi chache, lakini mvua ikinyesha hunyesha kwa hasira, juu ya udongo ulio uchi.

Tsavo unastahili neno lake. Unapata maji yake kutoka upande wa Kilimanjaro na kutoka chemchemi za Mzima, ambako maji yamechujwa ndani ya mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu na kutoka yakiwa maangavu kama kioo. Mito miwili, mmoja msafi, mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, inakutana na kushuka pamoja. Tofauti yao ni ardhi iliyoguswa. Maji yaliyopita ndani ya jiwe hayana cha kubeba, na maji yaliyokimbia juu ya shamba lililolimwa kwenye mteremko hubeba shamba.

Sasa chukua chupa. Sisemi kwa mfano, chukua chupa kweli, ya kioo au ya plastiki nyeupe. Nilipoanza kazi hii ya kuchunguza pwani nilisimama daraja la Sabaki mvua za vuli zilipokolea, nikashusha ndoo kwa kamba, nikajaza chupa, nikaitikisa na kuiweka juu ya boneti ya gari. Kabla sijafunga kizibo mchanga ulikuwa umeshalala chini, mstari wa kahawia unaometameta. Baada ya muda wa kunywa chai likalala juu yake tope laini, lile ambalo ukilisaga kati ya vidole halina punje. Maji ya juu yalibaki mekundu. Niliirudisha chupa nyumbani, na siku ya pili yalikuwa bado mekundu.

Chupa hiyo ndiyo ramani ya pwani yenu. Mto ni kuli anayebeba mizigo ya uzito tofauti, na nguvu zake ni mwendo wake. Ukifika baharini mwendo unaisha. Mzigo mzito, yaani mchanga, anautua palepale mlangoni. Tope la wastani analifikisha mbele kidogo, ghubani. Udongo laini ungeweza kuelea siku nyingi na kwenda mbali sana, lakini hapo chumvi inaingia kazini. Bila shaka umewaona watu wa bara wakitia shabu au unga wa mbegu za mlonge kwenye ndoo ya maji machafu: vumbi lile linashikana mabonge, mabonge yanakuwa mazito, yanazama. Chumvi ya bahari inafanya jambo la namna hiyohiyo. Ndiyo maana wingu jekundu la Sabaki haliendi Ushelisheli. Sehemu kubwa inashuka hapahapa karibu, juu ya sakafu ya ghuba na juu ya matumbawe.

Kwa hiyo mlangoni pana rundo la mchanga. Nani anausambaza? Hapa Mwalimu, wazee wetu wa mashua wangejibu kabla yangu. Pepo za kusi na kaskazi.

Kusi ikivuma, tangu Aprili hivi hadi Septemba, mawimbi yanakuja yakiwa yameinama kutoka kusini, mkondo wa bahari unaelekea kaskazini, na kila wimbi linalopanda ufuo kwa mshazari linasukuma mchanga hatua moja kuelekea kwenu. Kaskazi ikishika, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kazi inageuka, na mzigo unaelekea Malindi. Tazama sasa mvua zinavyopangana na pepo hizo. Masika, mvua za Aprili na Mei, zinafurisha mto wakati kusi inaanza. Mzigo wa masika unakwenda Mambrui na kuendelea kuelekea Ghuba ya Ungwana. Vuli, mvua za Novemba na Desemba, zinafurisha mto wakati kaskazi inaingia, na mzigo wa vuli unakwenda Malindi. Ndiyo maana watu wa hoteli Malindi wanalalamika kwamba maji yanakuwa mekundu msimu uleule ambao wageni wanafika. Hakuna aliyewafanyia hila. Ni kalenda.

Sehemu ya mchanga huo mlangoni inatupwa juu ya ufuo, jua linaukausha, na upepo unauchukua. Ukikutana na kizuizi, hata kichaka kidogo cha mlakasa, unaanguka nyuma yake. Mlakasa una tabia ya ajabu: ukifukiwa unakua juu zaidi, unafukiwa tena, unakua tena. Miaka ishirini baadaye una kilima. Hivyo ndivyo vilima vyenu vilivyojengeka, na ndiyo sababu mchanga wa Mambrui unametameta jua likiupiga: ndani yake mna vipande vya ulanga kutoka kwenye miamba ya kale ya bara. Teremka hadi Watamu ulinganishe. Kule mchanga ni mweupe, laini, hauna mng'ao huo, kwa sababu umetengenezwa baharini kutokana na matumbawe yaliyosagika, makombe, na mwani wenye mifupa ya chokaa. Mmoja wa watengenezaji wake ni samaki pono, anayetafuna mwamba kwa lile domo lake la kasuku na kuutoa nyuma ukiwa mchanga. Watu hucheka nikisema kwamba fukwe nyingi nyeupe wanazopiga picha zimepita tumboni mwa pono. Ni kweli.

Mara nyingi tunasema "ufuo" kana kwamba ni kitu cha aina moja. Wa Watamu unategemea mwamba ulio hai. Wako unategemea mto. Hata mawimbi yanatofautiana: matumbawe hayapendi maji yasiyo na chumvi wala tope, kwa hiyo mbele ya mlango wa Sabaki hakuna mwamba mrefu wa kuvunja mawimbi kama ule unaowakinga wenzenu wa kusini. Mawimbi yanakuja moja kwa moja. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye kiwanja.

Lakini kwa nini sasa? Mto umekuwepo enzi na enzi. Mbona marehemu mzee aliona maji kwenye minazi, na wewe huoni?

Ushahidi bora zaidi hatukuupata kwenye vitabu vya serikali, tuliupata ndani ya tumbawe. Tumbawe kubwa la mviringo hukua kwa tabaka, tabaka la kila mwaka, kama mnazi unavyoacha kovu kila kuti linapoanguka. Udongo wa mto unapoingia kwenye maji ya chumvi unaachia madini ya bariumu, na tumbawe linayafungia ndani ya tabaka la mwaka ule. Watafiti walitoboa tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi na kusoma. Kwa karne mbili na zaidi mambo yalikuwa tulivu, gharika hapa na pale. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 udongo ukaanza kupanda, ukaendelea kupanda, na miaka ya 1970 ukawa mwingi kupita wakati wote uliotangulia.

Mwalimu wa historia hahitaji kuelezwa nini kilitokea mwanzoni mwa karne ya 20. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Walowezi wakafuata. Wakamba wakawekewa mipaka: wakae hapa, walishe hapa, walime hapa. Watu na ng'ombe waliokuwa wakihama na mvua wakabanwa kwenye vilima. Kufikia miaka ya 1930 Machakos ilikuwa imechanwa makorongo, maafisa wa Kiingereza wakaandika ripoti za kuogofya, na dawa waliyoiona ni kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalazimika kulegeza. Katika miaka hiyohiyo, bila mtu yeyote wa Ukambani kujua wala kukusudia, ardhi yao ilikuwa ikishuka kuja kuwatanulia nyinyi ufuo.

Sitaki uondoke ukidhani Wakamba ndio waharibifu, maana hadithi ina upande wa pili ninaoupenda zaidi. Mapema miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilikuwa na watu karibu robo milioni. Mwaka 1989 walikuwa karibu milioni 1.4. Kwa hesabu ya kawaida vilima vingekuwa vimeisha. Badala yake vilikuwa katika hali bora kuliko zamani, kwa sababu watu wenyewe walichimba matuta. Unachimba mtaro kwa kufuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu. Mvua inaleta udongo unaonaswa, na baada ya misimu kadhaa mteremko unakuwa ngazi. Jina lake ni fanya juu, Kiswahili kitupu, na wataalamu wa udongo wa mabara mengine wanalitumia hivyohivyo bila kulitafsiri. Nimewahi kukaa mkutanoni nikimsikia mgeni akilitamka kwa tabu sana, nikajisikia raha kidogo.

Basi, utauliza, kama matuta yamefanya kazi, mbona mto bado mwekundu? Kwanza, Machakos si bonde zima. Chini yake kuna nyika kubwa ya mifugo, barabara za udongo, njia za ng'ombe, mashamba yaliyolimwa hadi kwenye kingo. Pili, udongo hausafiri kwa basi la moja kwa moja. Unasafiri kama abiria wa kuungaunga: gharika moja inautoa kilimani na kuuacha kwenye mkono wa mto, unalala pale miaka kumi au hamsini, gharika nyingine inauchukua. Mchanga ulioanguka mlangoni mwaka wa El Nino, 1997 kuingia 1998, si lazima uwe ulitoka shambani mwaka ule. Mwingine naamini ni wa enzi za Muindi Mbingu. Kwa maana hiyo ufuo wenu bado unalipwa deni la zamani.

Na hapo ndipo swali la kiwanja linapouma, kwa sababu deni la zamani huisha, na huku juu watu wameanza kuuzuia mchanga usishuke.

Wanauzuia kwa njia tatu. Moja ni njema na ni ndogo: mabwawa ya mchanga. Kitui, Makueni na Machakos watu wanajenga ukuta wa zege kukata kijito cha msimu. Mvua inajaza mchanga nyuma ya ukuta, mchanga unajaa maji, na maji yakiwa ndani ya mchanga jua haliyafikii na mbu hawatagi. Kiangazi unachimba shimo dogo tu unachota. Wewe mwenyewe unakunywa kitu kama hicho: maji ya Baricho yanayopelekwa Malindi na Mombasa yanavutwa kutoka kwenye mchanga na changarawe za Sabaki, mto ukiwa ni kichujio na tangi kwa pamoja.

Njia ya pili ni malori. Nairobi inajengwa kwa mchanga, na mchanga wa mito ya Machakos na Makueni ndio wa karibu. Makueni ilichoka hadi ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, baada ya mito kubaki miamba mitupu na visima vya mchangani kukauka. Kila lori linaloelekea Nairobi ni lori ambalo halitafika Mambrui. Si tatizo lenu kwa leo. Liandike tu kwenye daftari.

Ya tatu ndiyo kubwa: Bwawa la Thwake, pale mto Thwake unapoingia Athi, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018. Limesanifiwa kuwa na ukuta wa mita 80 hivi kwenda juu na kuhifadhi maji ya mita za ujazo milioni 688. Silipingi. Watu wa Makueni na Kitui wana kiu ya kweli. Lakini bwawa ni ile chupa yangu juu ya boneti: maji yakitulia, mchanga unazama wa kwanza. Tope laini litaendelea kupita kiasi fulani, kwa hiyo huenda mkaona maji bado mekundu na kudhani hakuna kilichobadilika, ilhali kilichobaki bwawani ni kile hasa kinachojenga ufuo. Mchanga wa kutoka chini ya bwawa, wa Tsavo na Galana, utaendelea kuja. Mchanga wa juu ya bwawa utalala huko.

Majirani wamekwisha kulipitia. Mto Tana una mabwawa matano ya umeme juu yake, na kubwa la kuhifadhi maji, Masinga, limekuwepo tangu 1981. Limepokea udongo mwingi kuliko waliolisanifu walivyotarajia, na udongo uliobaki Masinga haukufika Kipini, Tana inapoingia baharini. Waulize watu wa Kipini kuhusu bahari, hawatakuambia kwamba imekimbia. Misri Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na ncha ya Rashid, mahali ambapo mkono mmoja wa Nile unaingia baharini, imeliwa kilomita kadhaa tangu mwanzo wa karne iliyopita, mabwawa yalipoanza kuukata mzigo wa mto. Nchi iliyojengwa na mto kwa maelfu ya miaka inaweza kuanza kubomoka katika umri wa mtu mmoja. Watu wa Rufiji na Mafia nao nawafuatilia kwa makini tangu Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lilipoanza kujazwa Desemba 2022.

Sasa turudi kwa shemeji yako na dada, wasije wakadhani nimewasahau. Kunduchi haina Sabaki. Ina vijito vifupi vinavyoshuka kutoka vilima vya nyuma ya Dar es Salaam, vidogo, vya msimu, lakini ndivyo vilivyokuwa vikileta posho ya mchanga. Jiji lilipoanza kupanuka watu wakaingia kwenye vijito hivyo na majembe na malori. Kila nyumba mpya ya matofali ya saruji ilikula kidogo ya mchanga uliokuwa unaelekea Kunduchi. Wataalamu walioichunguza pwani ile tangu miaka ya 1980 hawakubaliani kila kitu. Wengine wanatilia mkazo mabadiliko ya mawimbi na mafungu ya mchanga yaliyo mbele ya ufuo, wengine ukataji wa mikoko na uharibifu wa miamba kwa baruti za wavuvi. Mimi uchimbaji wa vijito nauweka mstari wa mbele. Mawimbi yanaendelea kuchukua mchanga na kuupeleka kaskazini kama siku zote, ila huku nyuma hakuna anayerudisha.

Mwambie dada, kwa heshima, kuhusu ukuta. Najua mtu akiona bahari inakuja anajenga ukuta, ndilo jambo la kwanza linalomjia. Wimbi likipanda ufuo wa mchanga linachoka njiani. Likipiga ukuta halichoki, linarudi na nguvu zake zote na kuchimba chini ya miguu ya ukuta. Ufuo ulio mbele unashuka, ukuta unaning'inia, siku moja ya bamvua na upepo unalala. Na kule ukuta unakoishia mawimbi yanapinda na kumla jirani kwa kasi kuliko mwanzo, kisha jirani naye anajenga. Kama lazima wajenge, wajenge mtaa mzima kwa mpango mmoja na mhandisi wa pwani, si kila nyumba na fundi wake. Kama bado kuna nafasi nyuma, kurudi nyuma ni nafuu kuliko saruji. Hawatapenda jibu hilo. Hata mimi sikulipenda nilipowapa watu wa ukoo wangu.

Kiwanja. Yako mambo matatu, na la kwanza si la mchanga. Katiba ya Kenya, Ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwenye ufuo unaotembea, alama hiyo nayo inatembea. Kabla hujampa dalali hata shilingi ya chai, nenda ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi wa hati, na mlete mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe mipaka mguu kwa mguu. Kwenye mchanga mpya mara nyingi utakuta karatasi ni ya mahali pengine kabisa.

La pili ni mlango wa mto. Sabaki hauna mlango wa kudumu. Mawimbi yanajenga ulimi wa mchanga kuufunga, gharika inaupasua, safari hii hapa, safari ijayo kule. Gharika kubwa ikija siku ya bamvua, maji yatatafuta njia fupi zaidi, na njia fupi ni ile nchi ya chini iliyo kati ya vilima vya mchanga na shamba la zamani. Tazama kiwanja hicho kimekaa wapi. Kikiwa bondeni nyuma ya vilima, mto unaweza kukijia kutoka nyuma. Kikiwa mbele ya vilima, bahari itakijia kutoka mbele, na nimekwisha sema hakuna mwamba wa kuikinga. Kikiwa juu ya kilima chenyewe, siku utakayokata mlakasa kuweka msingi ndiyo siku upepo utakapoanza kukihamisha, na kinakohamia ni kwenye mashamba ya wenzio.

La tatu ni kisima, na hili madalali hawaligusi kabisa. Chini ya mchanga wa pwani maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya maji, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kidogo sana: kila futi moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama futi 40 za maji baridi chini yake. Inasikika kama habari njema mpaka uifanyie hesabu ya kurudi. Ukivuta kwa pampu ukashusha maji futi moja, chumvi inataka kupanda futi 40. Nchi mpya, nyembamba, iliyo kati ya bahari na mto ina akiba ndogo mno. Jirani mmoja akiweka hoteli na bwawa la kuogelea, visima vya mtaa mzima vinageuka magadi, na kuvirudisha kunachukua miaka. Minazi ya marehemu mzee iko mahali palipokwisha kujaribiwa na wakati. Ningekuwa wewe, kiinua mgongo ningekipeleka huko nyuma, kwenye ardhi yenye miti mikubwa na kisima ambacho watu wanne tofauti wanakunywa.

Mwisho nina ombi. Watafiti tunazo picha za ndege za miaka ya 1950 na za setilaiti za miaka ya karibuni, lakini picha hazituelezi kilichotokea kati ya bamvua moja na nyingine, na mchezo wote unachezwa hapo. Chagua mnazi mmoja wa baba, ule ulio mbele kuliko yote, uupake chokaa. Kila mwezi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, maji yakishajaa na kuanza kurudi, tembea kwa mstari mnyoofu kutoka mnazi hadi mstari wa takataka na mwani ulioachwa na maji, ukihesabu hatua. Andika tarehe, hatua, upepo ni upi, na mto una rangi gani. Hatua zako zikiwa sawa kila mara, hazihitaji kuwa mita. Ukipata mwaka mzima wa kusi na kaskazi niandikie tena, na kama kuna mjukuu anayependa hesabu, mpe yeye daftari, kwa sababu miaka kumi itakuwa bora.